Parsele Yenye Kulia Kama Ngoma

Goma, Buhene, tarehe 9 mwezi wa pili 2026

Yaya Ferdinand,

Jambo sana mukubwa wangu, na jambo tena. Ile ya kwanza ni ya jamaa yote, hii ya pili ni yangu miye peke yangu. Uko muzima? Mugongo iko namna gani? Mbuzi zimezaa? Na maharagi ya huko Rutshuru, mvua iliiachia kidogo ao iliosha yote? Sisi huku tuko wazima. Mutoto wa jirani njo alikuwa na malaria, lakini leo asubui nimemuona anaiba mandazi ku sahani ya mama yake, basi ujue amepona kabisa.

Ninaandika juu telefone umeikataa. Ulisema nikikupigia ninamaliza inite yangu na masikio yako. Sawa. Karatasi haina masikio. Mahamudi wa minibisi atakupa hii barua mu mukono.

Sasa Yaya, kama umesimama, tafuta kiti.

Unajua kanisa yetu ya mbao, volkano, ule moto wenye kushuka ku mulima, iliimeza mu 2021, na benchi zake, na ngoma zake, na ile saa ya ukuta yenye haikuwa inatembea. Toka pale tunaombeaka chini ya shitingi, ile turubai ya plastiki, mvua ikinyesha tunasogea, jua ikiwaka tunasogea, mutu anaanza ibada huku anamalizia kule. Sasa tumepata parsele, kiwanja yetu ya kujenga! Na iko wapi? Juu ya ile volkano yenyewe! Imeisha kupoa, nyeusi tii, ngumu. Pasta Kambere (ni kijana, kabila yake Munande, mwembamba kama fimbo lakini sauti anayo) alisema mara hii tutajenga na mawe. Watu walicheka kwa furaha. Muzee mumoja akasema: "Hata musingi hatutachimba! Yesu alisema mutu ajenge juu ya mwamba. Wengine wanautafutaka. Sisi wa Goma, mwamba ulikuja wenyewe unatembea mupaka ku mulango!"

Basi siku ya Mungu tulienda kuombea ile parsele. Korali ya wamama tukaanza kucheza. Mbele eko Mama Joviale, mukubwa wa korali, mwenye kunishinda mwili, na unajua miye si mudogo. Tukafika upande wenye altare itasimama. Tukaruka. Yaya, chini ikaitika: BUM! Tukasimama. Tukaangaliana. Mama Joviale akaruka tena, peke yake: BUM! Tukaruka wote: BUM, BUM, BUM, kama ngoma kubwa iko chini ya udongo na kuna mutu anaipiga! Joviale akaanguka magoti: "Mungu anapiga ngoma! Mungu anatuchezea!" Watu wakalia. Miye nililia wa kwanza.

Sikutumia mikro, lakini jua haijazama, mutaa ya Kanyaruchinya yote ilikuwa inajua. Siku ya Mungu yenye ilifuata, watu walikuwa mara mbili. Wengine wametoka ku makanisa yao, wamekuja na viatu ya kuruka. Askofu atakuja ku Pasaka kuweka jiwe ya kwanza.

Kuja, Yaya. Toka tulimuzika muke wako Julie haujaingia mu kanisa hata moja. Hata ku ndoa ya binti yangu ulibakia inje na wanaume ya motari, wale wa pikipiki, unajifanya unachunga viatu yao. Nimekuombea paka magoti imekuwa nyeusi. Nilisema, ni Mungu peke yake njo atamurudisha mukubwa wangu. Na sasa amepiga ngoma kabisa! Unataka apige nini ingine?

Miye mudogo yako, mwenye unamupenda hata kama hausemake,
Annonciata

*

Rutshuru, tarehe 17 mwezi wa pili 2026

Mudogo yangu Annonciata,

Nimepokea barua. Jambo. Mugongo iko, mbuzi ziko, maharagi iko. Mimi niko.

Umeandika karatasi tatu na Mahamudi anasema ulimupa zingine na mudomo.

Nisikilize. Jiwe yenye kujaa hailiake. Ukiipiga inasema ko, inanyamaza. Kitu yenye kulia bum ni kitu tupu. Ndio maana ngoma wanaichongaka ndani.

Mu 2002, nilipokuwa ningali ninaendesha Fuso, nilipaki juu ya volkano ya baridi pale Goma, nikasema ni mwamba. Gurudumu ya nyuma ikatoboa. Tulipoangalia ndani, kulikuwa chumba. Chumba kabisa, naweza kusimama mule na kofia. Volkano inapopita, juu inaganda mbio, chini ingali inakimbia. Ikimaliza kukimbia, inaacha nyumba tupu yenye paa tu. Paa inaonekana ngumu. Weka gari, utaona.

Sasa munataka kuweka juu yake kuta ya mawe, na altare, na Mama Joviale.

Chukua mutwangio yako ya sombe, ile ya kutwangia majani ya muhogo, uende pale saa ya muchana, ugonge pole pole, huku na kule. Usiamini mimi, amini mutwangio.

Na usiniite na ngoma. Ya kanisa ninaijua. Utaona, wakisha kujua, wataifunika ile shimo na kitambaa kizuri na wataendelea kuimba.

Mukubwa yako,
Ferdinand

*

Rutshuru, tarehe 10 mwezi wa tatu 2026

Mudogo yangu,

Jambo. Uko muzima kweli?

Mahamudi alirudi mara nyingi bila barua. Anasema alikuona ku soko unauliza bei ya nyanya na sauti ya chini, ukalipa, ukaenda. Nikaogopa. Weye kunyamaza ni ugonjwa.

Kama nilikuumiza na ile ya kitambaa, uniambie. Lakini ile ya shimo sirudishi.

Mukubwa yako,
Ferdinand

*

Goma, tarehe 14 mwezi wa tatu 2026

Yaya Ferdinand,

Jambo, Yaya wangu, na aksanti kwa kuuliza. Malaria hapana. Ni barua yako njo ilinilaza.

Niliisoma nikakasirika! Nilisema, huyu mwanaume anakaa na mbuzi mupaka amekuwa mbuzi. Niliikunja, niliiweka chini ya gunia ya makala ya kupikia. Nikaitoa. Nikairudisha. Kisha siku moja muchana, watu wote wameenda ku soko, nikachukua mutwangio, nikaifunga mu kitenge kama mutoto ku mugongo, ili watu wasiulize. Lakini wanauliza! "Mama Annonciata, umepata mujukuu?" Nikasema ndio. Mungu anisamehe, ni mujukuu wa muti.

Nikagonga upande wa barabara: ko, ko, ko. Nikagonga katikati: ko, ko. Nikafika upande wa altare. Sikugonga na nguvu, Yaya, niligonga kama mutu anabisha ku mulango ya wakwe. Bum. Nikasogea. Bum. Paka pale kwenye watoto wa masomo ya Biblia watakaa. Bum.

Nikakaa chini. Halafu nikakumbuka nimekaa juu ya nini, nikaruka!

Nikafikiri: nikisema, wale watu wote wapya wataenda. Joviale atanitoa macho. Na weye utacheka mupaka wakusikie Bunagana, na hautaingia mu kanisa hata siku yako ya kuzikwa, utasema mutupitishe inje. Nisiposema, basi tutajenga, na tutaimba, na siku moja paa ya chini itachoka. Majuma yote yale nilibeba ile maneno ndani, miye mwenye nisingeweza kubeba hata siri ya surprise ya birthday.

Juzi nikaenda kwa Pasta Kambere na mutwangio yangu. Alifikiri nimemuletea sombe, akafurahi.

Nikamuambia: "Pasta, kuja tubishe hodi kwa Mungu mwenye kupiga ngoma."

Tukaenda. Nikagonga mbele yake. Ko, ko, bum. Akachukua mutwangio, akagonga yeye. Bum. Akanirudishia.

"Mama Annonciata," akasema, "askofu anakuja ku Pasaka. Watu wamekuwa mara mbili. Miye mwenyewe nilihubiri juu ya hii ngoma."

"Ninajua, Pasta. Nilikuwa ku benchi ya mbele ninaruka."

"Tunaweza kuhamisha tu altare kidogo. Bila kusema kwa nini."

Yaya, pale nilikusikia weye na kitambaa yako kizuri. Nikasema: "Tunaweza, Pasta. Lakini hawa wapya wamekuja juu ya nini? Tukihamisha altare na tukiwaacha na ngoma yao mu kichwa, bado tumejenga juu ya shimo. Ni shimo ingine tu, na hii haisikilizeki na mutwangio."

Akaniangalia sana. "Na miye nikikuomba unyamaze?"

"Uniombe tu, Pasta. Wengi wameniomba toka nilizaliwa, hakuna mwenye aliweza."

Akacheka! Na jicho ikiwa na machozi. Akasema: "Basi usinyamaze. Lakini uniache miye niseme wa kwanza. Kama ni miye nilihubiri, ni miye nitaitoa."

Siku ya Mungu ya kesho? Hapana, ni yenye inafuata, anataka kwanza afunge na wazee. Sijui kama atafika pale bila kugeuka. Ni kijana, na askofu ni askofu. Uniombee. Ninajua hauombake. Basi ukohoe tu upande wa Goma, Mungu atajua ni nini.

Mudogo yako,
Annonciata

*

Goma, tarehe 23 mwezi wa tatu 2026

Yaya wee, Yaya wee!

Jambo, mugongo jambo, mbuzi jambo, nitauliza vizuri mwisho wa barua.

Jana alisema!

Tulikuwa wengi paka ku barabara. Korali imevaa. Pasta akashika mikro, akatoa koti, akatoa kravati, akaiweka mu mufuko. Akasema: "Wandugu, tulidanganyika. Miye wa kwanza. Ile sauti ya chini si Mungu anapiga ngoma. Ni shimo. Nilifurahia hesabu ya watu, sikuuliza sauti inatoka wapi. Munisamehe."

Hivi tu. Bila kuizungusha. Kimya, Yaya! Ungesikia inzi inapanga safari.

Mama Joviale akasimama, kilemba imeanza kuanguka: "Ni Annonciata! Nilimuona na mutwangio ku mugongo! Annonciata amezimisha Roho!"

Nikasimama na miye: "Joviale, kama ile Roho yako inazimishwa na mutwangio ya sombe, basi tafuta ingine!"

Watu wakaanza kucheka, wengine wakaanza kupiga kelele. Pasta akaomba nyundo kubwa, akaenda upande wa altare yeye mwenyewe, na vile mikono yake ni kama ya mutoto wa masomo. Akapiga. Bum. Akapiga tena, na tena. Ikapasuka! Kipande kama kitanda ikashuka ndani, vumbi ikapanda, tukakohoa wote.

Tukasogea kuangalia. Yaya, ulisema kweli. Chumba! Ukuta yake laini kama sufuria. Paa yake, ile yenye tulirukia, haifike hata unene wa mukono yangu.

Joviale akaja pole pole, ameshika viatu mu mukono. Akainama. Akaangalia sana. Kisha akasema: "Yesu wangu. Na hizi kilo zangu zote!"

Yaya, tulicheka paka wengine walikaa chini. Yeye mwenyewe alicheka zaidi, akanishika shingo, tukakaribia kuingia mu shimo wawili.

Lakini sitakudanganya, wengi wameenda. Wale wapya, karibu nusu, walitoka pale pale. Mama mumoja akasema njiani: "Kanisa yenye kukosea, tutaifuata namna gani?" Iliniuma. Pasta aliwaangalia paka walipotea, hakuwaita.

Sisi tulibakia, akatuambia hakuna ukuta itapanda kama shimo haijajaa. Na hatutaita kamyo ya mawe. Kila jioni, na zaidi siku ya posho, ile yenye kutangulia siku ya Mungu, kila nyumba italeta jiwe na mikono yake. Na mutu asibebe na rafiki yake. Abebe na ule mwenye hajawahi kuingia kwake. "Tulikuwa tunatafuta Mungu chini ya viatu," akasema, "na hatujui jirani ku benchi amekula nini."

Basi unisikilize, wameniweka na nani? Na Joviale! Beseni moja, mashikio mbili.

Mudogo yako,
Annonciata

Nilisahau: mugongo iko namna gani?

*

Goma, tarehe 12 mwezi wa ine 2026

Yaya Ferdinand,

Jambo kwako. Ninatumaini unalala vizuri na unakula vizuri, si viazi peke yake. Mara hii ni weye umenyamaza. Mahamudi anasema ulisoma barua yangu umesimama ku barabara, ukairudilia, ukaenda bila kumuaga. Ulikasirika? Ulicheka? Niambie hata moja.

Pasaka imepita. Shimo imejaa! Jiwe juu ya jiwe, zimepangwa, zimegongwa, mawe madogo mu nafasi ya mawe makubwa. Askofu alikuja na shati yake ya rangi, wakamupa ile jiwe ya kuweka juu, yenye wameandika tarehe. Akauliza: "Na hii shimo munaijaza na nini?" Pasta akamuelezea yote, hakuruka hata ile ya yeye kuhubiri ngoma. Askofu akasikiliza. Kisha akavua viatu, akapanda na soksi mu mawe, akaenda kuleta jiwe ingine, ya kawaida, chafu, akaitupa ndani pamoja na zetu. Akasema: "Ile ya tarehe itangojea. Mumeisha kuanza bila miye, na mumeanza vizuri."

Joviale na miye tumebeba beseni paka tunajuana matumbo. Nilifikiri ana maringo. Kumbe nyumba yake haina mutu wa kusema naye jambo, watoto wote wako mbali, njo maana anapendaka kuimba na nguvu, ili mutu amusikie. Sasa ninaendaka kwake kila siku. Tunasema watu wote! Na Pasta ametusikia, hakutugombeza. Akasema: "Nyinyi wawili munajuaka nani amegonjwa mbele hata ya ule mugonjwa. Basi mutakuwa munaniambia, na tutaenda." Yaya, nina kazi mu kanisa! Ni mudomo yangu njo imepewa kazi! Jana tu tulienda kwa mama mwenye alizaa, hakuna kuni mu nyumba, jioni kuni ilikuwa paka ku dirisha. Na muzee mumoja mwenye alikuwa ameacha dawa zake za presha kwa sababu alisikia imani inatosha. Pasta alikaa naye, akaomba naye, akamupa glasi ya maji, akangojea paka amemeza. Ndio akaenda.

Na wengine wale wenye walitoka, wanarudia. Si wote. Ule mama wa njiani alirudi na jiwe ku kichwa, akaipanga, akauliza beseni iko wapi.

Siku ya Pasaka tulicheza. Tuliruka upande wa altare, korali yote. Chini kimya! Tukaruka tena. Kimya kabisa. Ni magoti yetu tu njo ililia. Joviale akapiga kigelegele: "Inanyamaza! Inanyamaza! Mungu asifiwe!" Watu wa barabara walifikiri tumepata wazimu, wamama wakubwa wanashangilia chini kunyamaza.

Sasa Yaya, sikuite. Nilikuita na ngoma, na ngoma ilikuwa shimo, na ni weye uliijua. Sina kitu ingine ya kukuvuta nayo. Kanisa haina ukuta, haina paa, haina muujiza. Iko mawe na watu. Nimekuandikia tu ili ujue hatukufunika.

Mudogo yako,
Annonciata

*

Rutshuru, tarehe 16 mwezi wa ine 2026

Mudogo yangu Annonciata,

Jambo. Mugongo inauma, asante kwa kuuliza, ungeuliza mwanzo.

Sikukasirika. Sikucheka. Nilikosa maneno, na kwangu haiko mingi.

Sijakuambiaka hii. Julie alipokuwa anaugua, watu wa kanisa walikuja ku nyumba, wakaimba vizuri, wakamuambia aache dawa, Mungu ameisha kumuponya. Aliacha. Mimi nilikuwa pale, nilishika mukono yake, nilisema amina. Tulipomuzika, walisimama ku kaburi wakasema imani ya nyumba ilikuwa kidogo. Nilingojea. Nilingojea mutu mumoja tu, hata ku barabara, hata kwa siri, aniambie: Ferdinand, tulidanganyika. Hakuna. Wananipita na jambo, wanaenda.

Sikuachana na Mungu. Niliachana na paa yenye hakuna mutu anakubali kuigonga.

Ile barua yako ya mwezi wa tatu, nimeisoma paka karatasi imekatika ku mukunjo. Ule kijana alisema "miye wa kwanza" na mikro mu mukono. Na mu hii ya mwezi wa ine, ule muzee na glasi yake ya maji. Mudogo yangu, pale nilikaa chini ku ukingo ya shamba, na nilisema na Julie sana.

Siku ya posho nitateremuka na Mahamudi. Nina jiwe. Nimeitoa ku shamba yetu, ile Julie alikuwa anakaliaka akichambua maharagi. Ni nzito, Mahamudi analalamika, nimemuambia iko na tiketi yake. Ninajua shimo imejaa. Mutaipatia nafasi.

Usiambie mutu ninakuja. Ninajua nimeandika bure, lakini nimeandika.

Nitabeba, nitasalimia ule Pasta, basi. Lakini Mahamudi anasema siku ya Mungu gari yake haipandake Rutshuru. Nitakuwa Goma, na sina mbuzi wa kuchunga huko. Viatu ya motari pia sitachunga tena, niliichoka.

Nina swali moja, unijibu pole pole, si kwa sauti ya Kanyaruchinya yote. Mu korali yenu, hata kama ni ya wamama, mwanaume mwenye alikuwaka anaimba sauti ya chini, na hajafungua mudomo tangu alizika bibi yake, mukimupokea, mutamusimamisha upande gani?

Mukubwa yako,
Ferdinand